Herufi Moja

Ghorofa ya tatu, Dublin, Novemba. Mvua imelala ubavu kwenye kioo.
Gobnait Ní Scannláin anafungua jalada la mia mbili na kumi na mbili.
Mwombaji: Malachy Ó Muirgheasa, fundi wa zumari za kiwiko,
kaunti ya Clare, miaka sabini na mmoja, simu hana.
Anachoomba: tiketi mbili.
Moja yake. Moja ya zumari,
kwa kuwa "kule chini kwenye mizigo tete hupata baridi likapasuka,
nami siwezi kumlaza mwenzangu na masanduku."

Kipengele cha tisa: Eleza matokeo yanayopimika.
Hapo pana alama ya kikombe cha chai, duara kamili,
na maneno matatu:
"Watasikia. Kisha tutaona."

Gobnait anacheka peke yake, halafu anaacha kucheka.
Maana zumari hii haipulizwi kwa mdomo.
Mvukuto u chini ya kiwiko, pumzi hutoka mbavuni,
kinywa cha mpigaji ki huru kusema lolote kipendalo,
na huyu, kwa uhuru wote huo, kasema matatu.

Mcheza kwao hutuzwa, tumeambiwa.
Wengine husema hutunzwa.
Kati ya kutuza na kutunza ni herufi moja,
lakini ndani ya herufi hiyo mna paa lisilovuja,
mna meno ya kutibiwa, mna mwanafunzi wa kurithi kisu cha kuchongea tete.
Serikali hutuza. Hupiga muhuri, hupiga makofi, hupiga picha,
na Jumatatu mwenye zumari anakopa kuni.
Na mcheza ugenini je?
Hapo methali imenyamaza.

Ndani ya droo ya Gobnait kuna kijiti.
Cha nyanya wa nyanya yake. Kilivikwa shingoni kwa uzi,
kila neno la Kiayalandi mkwaruzo mmoja,
na jioni mwalimu alihesabu mikwaruzo, akahesabu na viboko.
Mikwaruzo kumi na saba.
Hayo nayo yalikuwa matokeo yanayopimika.

Akapiga muhuri.

Butte, Montana, mwezi wa tatu. Mji uliotobolewa chini kwa ajili ya shaba,
walikoshuka vijana wengi wa Cork wakapanda wachache.
Ukumbi wa kanisa, viti arobaini, watu kumi na wanne.
Hewa ya milimani kavu kama mkate wa juzi:
tete likajikunja, zumari ikakohoa, ikakata kauli.
Malachy akaomba birika. Hakuna aliyekuwa nalo.
Wakatuma mtoto dukani.
Akalishika tete juu ya mvuke, akangoja, akajaribu, akangoja.
Birika likaimba kuliko yeye.

Basi akailaza zumari kama mtoto aliyesinzia
na ule wimbo akauendesha kwa ulimi mtupu,
didadi, dari-dam, silabi zisizo na nchi.
Mzunguko wa tatu akakwama.
Kiti cha nyuma, Honoria Sheehy, tisini na miwili,
ambaye bahari hajaivuka wala hajaiona,
akaupokea akaumaliza,
kwa kona moja ambayo Malachy hakuwahi kuisikia kwa baba yake
wala kwa aliyemfundisha baba yake.

Ripoti. Waliohudhuria: kumi na wanne.
Ala ilipigwa? Hapana.
Kanuni: onyesho lisipofanyika, fedha zirejeshwe.
Gobnait anashuka hadi Maelezo Mengineyo.

"Nilikwenda kuwapelekea, nikarudi nimeletewa.
Sijui ofisi hukiandika safu gani kitu kama hicho,
ya zilizotoka au ya zilizoingia.
Kila Alhamisi nakifundisha kwa msichana wa jirani, naye anakikosea vizuri.
Aidha naomba dola kumi na moja za birika.
Risiti hii hapa.
Birika nimewaachia."

Nje mvua imeinuka, inanyesha wima.
Gobnait anaisoma risiti, anaigeuza, anaisoma nyuma.
Kisha anatafuta stepla.